Besi Hupimwa Kiti cha Nyuma

Miaka niliyofanya kazi katika karakana ya redio za magari pale Makutano, Meru, sikumbuki mteja aliyekuja kuomba apunguziwe besi. Walikuja madereva wa matatu za Maua, za Nanyuki, za Chuka na Embu. Walikuja vijana wa pikapu za miraa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuja hata mwalimu mkuu mmoja na Corolla yake iliyochoka. Ombi lao lilikuwa moja: "Fundi, ongeza besi." Ombi hilo lilitulipia kodi ya kibanda. Lilinifunza pia jambo ambalo nimelitumia mbali sana na magari: anayeshika nobu ya sauti kwa kawaida haketi mahali ambapo sauti inaumiza.

Makutano yetu ni pale barabara ya Maua inapoachana na ya Nanyuki, pembeni mwa mji wa Meru. Ukishika njia ya Embu, ukateremka Mutonga, Nithi na Thuci, ukapita Embu yenyewe na mashamba ya mpunga ya Mwea, utafika Makutano nyingine, ile ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Nyeri. Magari mengi tuliyoyafungia muziki yalikuwa yakishinda kati ya Makutano hizo mbili, yakipanda na kuteremka mabonde hayo kutwa.

Kwenye stegi, muziki ulikuwa tangazo. Makanga alipiga mayowe hadi sauti ikamkauka, lakini mayowe yake yalishindana na ya makanga wenzake, na honi, na wauza ndizi, na mikokoteni. Besi haikuwa na mshindani. Iliingia dukani, ikapita ukutani, ikamfikia mwanafunzi akiwa bado ng'ambo ya barabara na begi mgongoni. Mwanafunzi huyo hakutazama tairi wala breki. Alisikiliza, akachagua gari, na wenzake wakamfuata. Kwa hiyo sikuwalaumu madereva kwa kuitaka besi. Ilikuwa chakula chao kama ilivyokuwa chetu.

Fundi mwenye karakana tulimwita Mzee, ingawa mvi zake zilihesabika. Alikuwa na desturi moja iliyowakera wateja wenye haraka. Kabla hajashika bisibisi, aliingia kwenye gari, akaenda kuketi kiti cha nyuma kabisa, pembeni, akaagiza wimbo uwekwe. Hakusema neno mpaka ubeti wa pili.

Siku moja dereva wa gari la Embu alikuja akilalamika kabla hajazima injini.

"Mzee, hii woofa imekufa. Siisikii kabisa."

"Unaisikiliza ukiwa umekaa wapi?"

"Sasa mimi nitakaa wapi, Mzee? Si kwa usukani?"

"Haya, shuka. Pita nyuma, ukae pale pembeni. Kijana, mwekee wimbo wake."

Niliuweka, kwa sauti ileile aliyokuja nayo. Yule dereva alivumilia ubeti mmoja, kisha akatoka akijisugua kifua kama mtu aliyepigwa kumbo.

"Kwani abiria wangu hukaa hapa mpaka Embu?"

"Mpaka Embu," Mzee akamjibu, "na nauli wanakulipa."

Kuna sababu za kweli za kutosikia kwake. Katika matatu ya abiria 14, ile ambayo sote huiita Nissan hata ikiwa ni Toyota Hiace, injini iko chini ya viti vya mbele. Dereva amekalia ngurumo. Ngurumo hiyo na mvumo wa matairi ni sauti nzito kama besi yenyewe, kwa hiyo huimeza. Dirisha lake liko wazi, na besi hupenda sana kutoroka dirishani. Boksi la woofa nalo limefichwa chini ya kiti cha nyuma. Isitoshe, sauti nzito haisambai sawasawa ndani ya gari. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na matatu nzima haifiki mita 6 kutoka bampa hadi bampa. Wimbi la namna hiyo halina nafasi ya kutembea. Hugonga bati, likarudi, likajikuta lenyewe njiani. Mahali fulani hujiongeza, pengine hujifuta. Ndiyo maana ndani ya gari moja, kwa wimbo mmoja, kuna abiria anayeuliza kama redio inafanya kazi na mwingine anayeshika meno.

Dereva asiposikia, anaongeza. Akiongeza, yeye anapata kidogo na wa nyuma wanapata mafuriko. Hana ukatili wowote. Anapima kwa masikio yake, pale alipo.

Baada ya kukaa kiti cha nyuma, Mzee alianza kazi, na kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta besi ilikopotelea badala ya kuiongeza. Mara nyingi tuliikuta kwenye waya. Spika moja ikiwa imeunganishwa chanya kwa hasi, koni yake huvuta ndani wakati ya mwenzake inasukuma nje. Hewa inayosukumwa huku inanyonywa kule, na besi inajifia katikati. Ukigeuza nyaya mbili tu, gari linafufuka. Mteja aliyekuja amejiandaa kununua woofa mpya alibaki ametukodolea macho, na wengine walidhani tumewafanyia mazingaombwe.

Wakati mwingine tuliikuta milangoni. Spika ndogo za mlango zilikuwa zimelazimishwa kupiga besi, kazi ambayo hazikuumbiwa. Zilitikisika, zikakwaruza, na sauti ya mwimbaji ikazama. Dawa ilikuwa krosova. Tuliiweka kwenye hezi 80: kilicho chini ya hapo kilienda kwa woofa, kilicho juu kilibaki mlangoni. Matokeo yake yalishangaza, kwa sababu besi ilisikika nzito zaidi ingawa hakuna kilichoongezwa. Mtangazaji wa Muuga FM alirudi kuwa mtu anayezungumza Kimeru, hakuwa tena mtu anayefokea ndani ya pipa.

Na mara nyingine kilicholalamikiwa hakikuwa besi hata kidogo. Kilikuwa bamba la namba. Gari linakuja, mwenyewe anaapa kwamba woofa imepasuka. Mzee anamwambia apige muziki, kisha anazunguka nyuma na kulikandamiza bamba kwa kidole gumba. Kelele inakoma. Anatoa kidole, inarudi. Kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli kati ya bamba na mlango kilitosha, na mteja akaenda zake na mia tano yake mfukoni.

Kisha kulikuwa na geini. Kila amplifaya ina skrubu hiyo ndogo, na karibu kila mteja aliidhania kuwa nobu ya pili ya sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio inayoilisha. Ikikazwa kupita kiasi, amplifaya inafika mwisho wa uwezo wake hata kabla dereva hajaizungusha nobu hadi nusu. Kuanzia hapo, haiwezi tena kutoa wimbi zima. Inalikata kichwa na miguu, na kinachofika kwenye woofa ni wimbi bapa lenye joto jingi. Koili ya woofa iliyouawa hivyo nimeishika mkononi mara nyingi. Waya uliokuwa unang'aa kama shaba mpya huwa umegeuka kahawia, vanishi imevimba na kuungana, na harufu yake hukaa kwenye vidole hata ukinawa kwa sabuni ya unga.

Mzee hakuipanga geini kwa sikio. Alichomoa spika, akaziweka ekwalaiza zote sifuri, akapiga mlio wa hezi 50 kutoka kwenye CD, akaifungua redio hadi robo tatu, kisha akashika multimita. Hesabu yake ilikuwa imeandikwa kwa chaki ukutani: wati zidisha kwa omu, tafuta kipeuo cha pili. Amplifaya ya wati 200 kwa woofa ya omu 4 inatoa 800, na kipeuo chake ni volti 28 na kidogo. Mita ikisoma 28, anaacha. Halafu anachovya kijiti kwenye rangi nyekundu na kudondosha tone juu ya skrubu.

Nilianza kazi hiyo wakati sheria za Michuki bado zilikuwa gumzo. John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, alikuwa amezilazimisha matatu, kuanzia Februari 2004, ziwe na mikanda kwa kila abiria, mstari wa manjano ubavuni na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Mzee aliwaeleza madereva geini kwa lugha hiyo: geini ni kidhibiti mwendo cha besi. Nobu ya deshibodi ni mafuta, ikanyage utakavyo, lakini kuna mahali haitapita. Walimwelewa mara moja. Na kama walivyojua kuchezea vidhibiti mwendo, ndivyo baadhi yao walivyorudi baada ya wiki chache, tone jekundu limekwanguliwa, woofa inanuka.

Hesabu yenyewe ni kali kwa anayetaka zaidi. Kuongeza desibeli 3 kunadai nguvu maradufu. Desibeli 6 zinadai mara nne, na 12 zinadai mara kumi na sita. Sikio halioni faida kubwa hivyo: ili lihisi sauti imekuwa maradufu, linahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kijana anayebonyeza kitufe cha kuongeza besi kwa desibeli 12 anaiomba amplifaya ya wati 200 itoe 3,200. Haiwezi, lakini itajaribu.

Nguvu hiyo pia lazima itoke mahali. Betri nzima ikitulia ina volti 12.6, na injini ikiwaka altaneta huipandisha hadi karibu 14. Besi ikidunda, amplifaya inameza umeme kwa mkupuo, volti zinashuka, na taa za mbele zinafifia kila dundo. Kwenye stegi vijana waliona hilo ni pambo. Ukiwa unateremka Nithi usiku, kona baada ya kona, taa zinazokonyeza kwa mpigo wa rege si pambo. Tulibadilisha waya mwembamba kwa mnene, tukakwangua rangi ya bodi hadi chuma kitupu pale waya wa ardhi unapofungwa, tukaweka fyuzi karibu na betri. Palipobaki na mfifio, Mzee alishusha geini na hakujadiliana.

Kitu kilichonishughulisha zaidi, hata hivyo, kilikuwa sikio lenyewe. Mwaka 1933, Wamarekani wawili, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halitendi haki kwa sauti zote. Muziki ukiwa chini, sikio huipuuza besi. Muziki ukipanda, besi huzidi kusikika kuliko sauti nyingine. Dereva anayepanga besi asubuhi gari likiwa limeegeshwa, redio chini ili asigombane na majirani, ataiongeza mpaka imridhishe. Adhuhuri akiipandisha redio njiani, besi ileile inakuwa nyundo. Tulijifunza kupanga besi kwa kiwango cha sauti ambacho gari hutembea nacho, injini ikiwaka.

Sikio pia huchoka. Baada ya saa kadhaa ndani ya kelele, husikia kidogo kuliko lilivyosikia asubuhi, na kwa kawaida hurejea likipumzishwa. Lisipopumzishwa siku baada ya siku, kinachopotea hakirudi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asizidishe saa 40 kwa wiki katika desibeli 80, na katika desibeli 90 asizidishe saa 4. Wafanyakazi wa matatu yenye muziki mkubwa wanaweza kuzimaliza saa hizo nne kabla ya chakula cha mchana cha Jumatatu. Niliwaona madereva ambao kila walipotutembelea nobu ilikuwa imesogea mbele kidogo, nao wakaapa haijaguswa. Walisema kweli kwa kadiri walivyojua. Kipimo walichokitumia ndicho kilichokuwa kikiharibika.

Jirani yetu alikuwa mama mwenye kibanda cha chai. Asubuhi moja alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Vijana wangu, vikombe vyangu vinacheza mugithi na wateja hawajafika. Mnataka nihamie wapi?"

Mimi nilitaka kucheka. Mzee alifuta mikono, akamfuata, akaketi kwenye benchi lake na kuagiza chai. Tukaendelea kupima gari kama kawaida. Alirudi akiwa na uamuzi: majaribio ya sauti kubwa yafanywe magari yakiwa yameelekezwa upande wa ukuta wa mawe, milango ikiwa imefungwa, na saa ya chai isiguswe. Kwake, kibanda kile kilikuwa kiti kingine cha nyuma.

Sheria ilikuja kusema jambo hilo kwa nambari. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, ziliweka desibeli 60 mchana kwa maeneo ya biashara, 50 nje ya makazi, na 35 usiku. Makutano ni duka chini na chumba cha kulala juu, kwa hiyo mtu akitaka kubishana kuhusu nambari gani itumike, hakosi la kusema. Vipimo hivyo hutumia mizani inayofuata sikio, na mizani hiyo huipunguzia sauti ya hezi 50 desibeli 30 hivi kabla ya kuihesabu. Mita inaweza kumtuliza afisa wakati madirisha ya mama chai yanatetemeka. Kwa hiyo hata mwenye mita hana budi kuingia kibandani aketi.

Niliacha kazi ya karakana nikarudi nyumbani, nikachaguliwa kwenye kamati ya mradi wa maji wa kijiji. Kwetu maji hushuka kwa mserereko, kutoka mtoni juu mlimani hadi mashamba ya chini. Mwenyekiti aliishi karibu na tangi. Kila kikao watu wa chini walilalamika kwamba hawapati maji, na kila mara mwenyekiti, mtu mcha Mungu na mwaminifu, alijibu kwamba yeye mwenyewe amefungua mfereji asubuhi na maji yalikuwa tele. Waliotoka chini walimwita mwongo. Wa juu waliwaita wa chini wachochezi. Nilipendekeza kikao kinachofuata tukifanye chini kabisa, kwenye mfereji wa mwisho. Mwenyekiti alifungua mfereji kwa mkono wake. Ulikohoa hewa, ukatema tope kidogo, ukanyamaza. Hakuna aliyehitaji kuhutubia. Siku hiyohiyo tulipanga zamu, wa juu wafunge ili wa chini wajaze matangi.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na watu huitumia methali hiyo kama tusi kwa mwenye shibe. Karakana ilinionyesha upande wake mwingine. Kutomjua kwake kunatokana na pale alipoketi, na ukimkemea hapohapo alipo hutampa habari yoyote mpya. Atajitetea kwa ushahidi alio nao, na ushahidi huo ni wa kweli. Mhamishe kiti. Dereva wa Embu hakuhitaji somo la desibeli. Alihitaji ubeti mmoja nyuma.

Siku hizi vifaa vimekuwa vizuri. Kuna redio zinazochelewesha sauti ya kila spika kivyake, na programu za simu zinazochora mawimbi kwenye skrini. Vijana wanaofunga muziki Makutano sasa wanapanga kwa kidole kimoja mambo tuliyoyahangaikia kutwa. Lakini simu hiyo hushikwa na mwenye gari, akiwa kiti cha mbele. Mwenye gari lake binafsi na apange sauti atakayoitumia barabarani, kisha ahamie nyuma wimbo mzima, hasa kama ndiko watoto wake huketi. Sacco za matatu, ambazo tayari zinawachagulia wafanyakazi wao sare na nauli, zinaweza kumtuma mtu akae kiti cha mwisho mara moja kwa wiki, mtu ambaye masikio yake hayajashinda kwenye gari hilo.

Abiria naye ana sehemu yake. Tunajua kupaza sauti tukitaka kushuka, lakini besi ikituumiza tunavuta kofia masikioni na kulaani moyoni, tukidhani wa mbele wanaisikia kama sisi na wameamua kutudharau. Wengi wao hawaisikii. Mwambie makanga, naye amwambie dereva. Mara nyingi nobu hushushwa bila ugomvi, na anayeshangaa zaidi kwamba ilikuwa juu hivyo ni dereva mwenyewe.